Waridi Lililoungua kwa Mama Kiarie

Jumatano, 16 Januari 2008

Trela bado imelala. Bosi amepiga simu: Wabuge, usitoe pua nje, barabara ya Burnt Forest imejaa mawe. Mimi! Niliyefika Bujumbura na Juba, niliyekula samaki Mwanza nikalipia meza nzima – leo nimefungiwa hapa nyumbani Yamumbi na mke wangu Maximilla na sufuria zake.

Nimevuka kwenda kwa jirani, Mama Kiarie. Mara ya kwanza tangu vijana wachome nyumba yake baada ya uchaguzi. Mabati yamejikunja kama karatasi ya chipsi. Jivu tu. Siku ile Maximilla ndiye alimfunga leso yake kichwani asijulikane na kumpitisha huko nyuma ya mashamba hadi kituo cha polisi. Mimi nilibaki kwa kizuizi nikiwapigia vijana hadithi za Kongo, wacheke wasigeuke. Walicheka. Nilicheka pia.

Pale mbele ya mlango kulikuwa na waridi. Si yale marefu ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Hili ni fupi, nono, halipiti goti, limejaa kibustani cha ukubwa wa kitanda. Na halitoi ua moja moja kama bahili – kijiti kimoja, shada zima! Pinki iliyofifia, kama ukucha wa mtoto mchanga. Nimeona maua ya mahoteli ya Kampala. Yale yanakuringia. Hili lilikuwa linakusalimu.

Sasa ni kisiki cheusi. Kama kidole gumba.

Jumapili, 27 Januari

Tumeenda kempu ya wakimbizi ya Showground na Maximilla, tumempelekea Mama Kiarie unga na mboga ya sukuma. Mahema mpaka macho yanachoka. Amekonda. Hakuuliza nyumba. Hakuuliza ng'ombe. Ameniuliza: Baba Nabwire, lile ua la mzee liko?

Marehemu mumewe ndiye alilileta kwa mkebe wa mafuta ya Kimbo, mwaka waliohamia hapa. Yeye mwenyewe amezikwa mbali, kwa ndugu zake. Hapa mama amebaki na hilo tu.

Basi mimi na huu mdomo. Nikasema: Liko, Mama! Hata linatoa majani!

Alinishika mkono. Akasema, kama liko nitarudi nilione. Kama haliko, sina cha kurudia.

Tulipokaribia nyumbani ndipo Maximilla akafungua mdomo: Umempa uongo yule mama. Sasa chukua ndoo, umwagilie uongo wako.

Jumanne, 12 Februari

Namwagilia. Maji ya vyombo, maji ya kufua, chochote. Jua linakausha kila kitu. Wapita njia wananicheka: dereva wa trela anaogesha kijiti! Nimewaambia ni ufundi wa Wabelgiji. Mbelgiji mwenyewe sijawahi kuongea naye.

Kijiti, wapi. Kimenyamaza.

Ijumaa, 29 Februari

Jana wakubwa wametia sahihi mkataba wa amani huko Nairobi. Redio inashangilia. Hapa kwetu watu walitoka nje tu wakasimama, kama wanaosikiliza kama mvua imeisha kweli. Sikujua pa kwenda. Nikaenda kwa kisiki.

LIMETOKA!

Chini kwa udongo, vijiti viwili vya kijani, vinene, vimetoboa jivu. Na juu kidogo, kwa ubavu uliochomeka, vijicho vyekundu, kila kimoja kama kichwa cha kiberiti. Nilipiga magoti. Mimi, ambaye hata kanisani nasimama nyuma karibu na mlango! Nimepita Goma nikaona mlima ukiwaka usiku – nilisema tu, ala. Leo sikuwa na ala. Kitu kimemwagiwa petroli. Kimekaa bila mvua. Nani amekiambia sasa toka, ni salama?

Nilimwita Maximilla. Alikuja na mwiko mkononi, matusi yakiwa tayari. Akaona. Akashusha mwiko. Kisha akasema polepole, Mungu huyu. Akarudi kwa ugali wake.

Kwa hivyo sikudanganya. Nilitangulia tu.

Alhamisi, 20 Machi

Vile vijiti vya chini vinakimbia kama basi la Kampala. Nimeenda kwa bustani ya benki mjini kulinganisha na waridi yao. Ya benki yana majani matano kwa kila kikonyo – nilihesabu mpaka askari akaniuliza, mzee unataka nini? Langu lina saba! Saba! Wabuge amezidisha.

Vile vijicho vyekundu vya juu ni vidhaifu, vinanyonya nguvu ya wenzao. Navinyofoa kila asubuhi. Bustani ni kama gari: usibebe abiria wa bure.

Jumamosi, 3 Mei

Barabara zimefunguka, nimerudi kazini. Nikishuka kwa trela naenda kwanza kwa waridi, ndipo nyumbani. Maximilla anauliza kama nimeoa kijiti.

Limenifika kifua. Miiba kama ya senyenge. Ua – hakuna. Hata moja. Labda linajipanga.

Serikali imesema watu warudi makwao. Mama Kiarie amepiga simu. Anakuja baada ya wiki moja na hema. Anakuja kwa sababu yangu!

Jumatatu, 12 Mei

Ameshushwa na lori, yeye na hema, beseni na jembe moja. Mimi nimesimama kando ya waridi kama bwana harusi. Karibu, Mama! Unaona kazi?

Akaangalia. Akazunguka. Akashika jani moja. Halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya beseni. Woi! Baba Nabwire! Umefuga mwitu!

Kumbe. Waridi hili ni miti miwili iliyofungwa pamoja. Chini ni mguu wa mwitu, wenye nguvu, wa kazi ya mizizi tu. Juu ndiko lile pinki limeunganishwa. Haya marefu yangu ya majani saba ni mguu umejifanya kichwa. Akaniuliza: Hakukutoka vijicho vyekundu hapa juu?

Nikajibu: Vilitoka, Mama. Nilikuwa navinyofoa.

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alifuta machozi ya kicheko na leso, kisha sikujua kama bado ni ya kicheko. Akasema, leta panga. Nikakata kazi yangu yote mpaka chini.

Tumefukua kwa vidole, sisi wawili, mpaka tukapata pale miti miwili inapokutana. Pamevimba kama goti. Na pale pale kwa uvimbe, kijicho kimoja ambacho mikono yangu haikukiona. Chekundu. Kiko juu ya kiungo au chini? Nimeuliza. Hata yeye hajui. Amesema majani hudanganya wakati mwingine. Ua ndilo litasema.

Jumanne, 10 Juni

Kijicho kimekuwa kijiti cha shubiri moja. Tunakichungulia kama mtoto njiti. Ninapokuwa safarini napiga simu, Maximilla anasema, ee, mke mwenza hajambo.

Mama analala kwa hema palepale penye jivu. Jioni amekuja kwetu kwa chai. Vijana wakapita barabarani. Mmoja namjua, alicheka hadithi zangu za Kongo siku ile. Akasema: Habari ya jioni, Mama. Mama akajibu: Nzuri. Lakini alishika kikombe kwa mikono miwili mpaka wakapotea.

Kiarie, kijana wake, amepiga simu kutoka Nakuru. Amepata nyumba. Anakuja kumchukua Jumamosi ya wiki ijayo. Mama amesema sawa. Ameniambia: Likiwa la mzee, utalichimba niende nalo. Likiwa la mwitu, nitaenda mikono mitupu.

Na kijiti kina matumba. Yamefunga ngumi.

Jumamosi, 21 Juni

Naandika nikiwa nimekaa juu ya tofali la nyumba yake, sepetu kando. Kitabu hiki niliomba Maximilla anirushie. Siwezi kungoja jioni.

Kiarie amefika saa mbili na pikapu. Hashuki. Ameniamkia kupitia dirisha, kwa heshima, lakini macho hayatoki barabarani. Injini inanguruma. Hema na beseni vimepakiwa.

Na lile tumba la mbele limefunguka asubuhi hii. Pinki! Ile ile! Imefifia, kama inaona haya. Petali ndani ya petali ndani ya petali – nani alizikunja bila mikono? Na nyuma yake mengine sita yanapanga foleni. Nimesafiri nchi saba. Leo nimevua kofia.

Mama amepiga magoti, hagusi. Kiarie anaita: Mama, twende, mvua itatukuta Burnt Forest! Kisha kwangu: Mzee, si uchimbe basi.

Nikashika sepetu. Mama akasema, ngoja. Likichimbwa na maua si litakufa? Nikasema linaweza, Mama. Ni vizuri limalize kuchanua kwanza. Akauliza: Linamaliza lini? Nikafikiria. Nilitaka kumpa tarehe, wallahi, yoyote. Lakini nimeliona miaka yote hiyo nikipita mlangoni kwake: shada moja likianguka, jingine liko njiani. Nikamwambia, Mama, hili halimalizi.

Amekaa chini kwa jivu, na gauni lake la safari.

Kiarie amepiga honi. Amepiga tena. Mama anampungia mkono – si wa kwaheri, wa njoo uone. Anampungia tu.

Injini imezimwa. Mlango wa pikapu umefunguka. Mguu mmoja wa Kiarie umeshuka chini.