Tanuri la Tano

Redcliff, 3 Machi

Mtani Chenjerai,

Huku tu wazima, isipokuwa mimi ninayeumwa na wewe. Nakuuliza hali ya Kimberley kwa kuwa adabu inataka, si kwa kuwa nina hamu ya jibu.

Jana niliingia kwenye ule mchezo wetu wa kompyuta, kiwanda pekee duniani kilichokubali kutuajiri tena, nikakuta tanuri langu la nne limepoa. Mkanda unaleta mawe ya chuma mia mbili na arobaini kwa dakika. Kila tanuri hula thelathini. Kwa hiyo matanuri ni manane: manne yako, manne yangu. Nikaufuata mkanda hadi upande wako. Umewasha la tano, na chuma cha ziada umekirundika kwenye makasha kama panya wa ghalani. Mke wangu Sarudzai alichungulia begani kwangu akasema, "Chenjerai huyu hata chuma cha uongo anaiba."

Liondoe.

Mtani wako,
Tapfumaneyi

Kimberley, 9 Machi

Mtani Tapfumaneyi,

Sijambo. Magoti yanalalamika, ila kwa sauti ya chini kuliko wewe. Msalimie Sarudzai, mpe pole kwa ndoa.

Hesabu yako ni ya muuza nyanya. Miaka yote niliyopanga uzalishaji hapo Redcliff, kabla kiwanda chetu cha chuma hakijafungwa tukatawanyika, sikuamini hata siku moja kiwango kilichoandikwa kwenye mashine. Nilipunguza asilimia kumi na tano: umeme kukatika, chai, na mazishi, maana hapakosekani mmoja wenu aliyekwenda kuzika shangazi. Matanuri manne hayatoi mia na ishirini, yanatoa mia na mawili. Mimi nataka mia na ishirini kamili, kwa hiyo ni matano. Kasome, kama miwani bado unayo.

Mtani wako,
Chenjerai

Redcliff, 15 Machi

Mtani,

Hujambo? Usijibu.

Nimekaa alasiri nzima nikilitazama tanuri lako. Halinywi chai. Halina shangazi. Umeme wake haujui kukatika. Linatoa thelathini bila kupumua, na wenzake wanne vilevile, kwa hiyo wewe una mia na hamsini na mimi nina tisini. Unawapunguzia watu ambao hawapo. Ulichokuwa unakipangia kimekufa; njoo uone mbuzi walivyolala ofisini kwako. Lakini huji. Tangu uvuke mpaka kwenda Kimberley, wimbo ni mmoja: mwaka ujao.

Sasa nisikilize. Daktari amezungumza nami juu ya figo zangu, na hakuwa anatania. Baba yako alimzika baba yangu. Alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akamtukana mpaka mjane akacheka, ndipo jeneza likashuka. Utani huo tumeurithi mimi na wewe. Mimi atanitukana nani? Mchungaji? Yule ananiheshimu, hanijui. Nataka mtu anayenidharau kwa haki.

Njoo kabla ya hapo, tutukanane uso kwa uso.

Mtani wako,
Tapfumaneyi

Kimberley, 2 Aprili

Mpendwa ndugu Tapfumaneyi,

Natumaini ujumbe huu utakukuta ukiwa na nafuu. Habari zako zimenihuzunisha sana, na nakuombea kila siku. Tanuri la tano nimeliondoa; ulikuwa sahihi. Kuhusu safari, ninapanga kuja baridi ikipita na mambo yakikaa sawa. Tafadhali pumzika, na ufuate maagizo ya daktari.

Rafiki yako,
Chenjerai

Redcliff, 3 Aprili

Wewe,

Hali yangu ni mbaya, na barua pepe yako imeizidisha. Nimeisoma mara mbili nikitafuta tusi, sikuliona. "Mpendwa ndugu" ni maneno ya kampuni ya bima. Umekwisha kunizika, na umenizika vibaya.

Lirudishe tanuri, uibe kama mtu mzima. Halafu angalia ulivyopunguza tena asilimia zako: baridi ikipita, mambo yakikaa sawa. Figo zangu hazijui baridi. Mpanga uzalishaji mzima, na hujui kwamba mimi ndiye mkanda unaokaribia kusimama?

Panda basi.

Mtani wako, bado,
Tapfumaneyi

Beitbridge, mpakani, 28 Mei

Mtani,

Leo sikuulizi hali.

Sarudzai alinipigia jana. Maziko ni kesho adhuhuri. Basi limezimwa, foleni imezunguka jengo, na afisa wa mihuri amekwenda kula. Namtumia mkeo maneno haya kwenye simu. Nisipotokea, ayasome kwa sauti kabla hawajakushusha, na wala asiyapunguze.

Enyi waombolezaji, msidanganywe na sanduku zuri. Aliyelala humo aliimba kwaya ya kanisa akawafukuza popo. Alikosana na kila msimamizi aliyewahi kumsaidia. Alimwoa Sarudzai kwa kumwambia kwamba ni mhandisi, naye kazi yake ilikuwa kupaka mashine grisi. Hesabu alizijua, nakiri kwa uchungu, lakini alizisema kama mtu anayekukanyaga mguu kwa makusudi.

Na wewe uliyemo ndani, sikia. King'ora cha asubuhi kilikuwa kinanyamaza ndipo tunakuona langoni, shati nje, unaisingizia baiskeli pancha. Hukuwahi zamu hata moja. Tulikusubiri maisha yetu yote. Leo, mimi nimekwama kwenye foleni, ndipo umeamua kuwahi.

Mtani wako,
Chenjerai