Miezi Saba Bila Kujibu Salamu

Jumatano, 4 Juni 2025
Petar tena. Saa kumi na moja jioni, redio juu ya kabati la simu mbovu, na ile sauti nzito: yuko Bulgaria, anaita mtu yeyote. Mtu yeyote! Mara sita. Hakuna aliyemjibu. Mimi niko hapa Bulla Pesa, Isiolo, namsikia kuliko jirani, na siruhusiwi hata kukohoa. Bila leseni ya kurusha sauti hewani ni kusikiliza tu. Mwezi wa tano huu mzee wa watu anasalimu, nanyamaza kama mtu asiyelelewa.

Jumatatu, 9 Juni
Redio imekufa. Hapana — nimetoka nje, nikakuta shangazi Asli ameanika nyama yote ya Idi kwenye waya wangu wa antena. Vipande virefu, vimejipanga kama wanafunzi paredi. Nikamwambia waya huo unashika sauti kutoka Ulaya. Akauliza kama Ulaya wamekataza nyama.
Tumekubaliana ikae hadi Alhamisi. Tumekubaliana, yaani amesema.

Jumapili, 22 Juni
Mwalimu Kiambi amekuja kunifundisha. Fundi mitambo mstaafu, Mmeru, mtu pekee ninayemjua mwenye leseni. Hatuwashi kitu, vikombe ndivyo vipaza sauti: yeye na kikombe chumba hiki, mimi na kikombe chumba kile. Herufi zako za kukutambulisha hewani, jina, mji, sauti inafika vipi, kwaheri. Dakika moja.
Nikaanza. Nagaa? Uko salama? Watoto salama? Mifugo salama? Mvua imenyesha?
Mwalimu akaweka kikombe chake chini. Kisha:
"Dahabo. Mifugo ya nani?"
"Yake."
"Nani amekwambia ana mifugo?"
"Si ndiyo nauliza, mwalimu."
Amesema hewani si kisimani, watu wana haraka. Nimeandika HAKUNA MIFUGO, nikabandika ukutani.

Alhamisi, 10 Julai
Nairobi. Mtihani. Maswali ya umeme sikuyaogopa — nimepigwa shoti za kutosha, tunajuana. Sheria ndizo zilinitoa jasho. Wenzangu: injinia, rubani, injinia. Wakauliza mimi nafanya nini. Nafufua simu, nikasema. Mainjinia wote wawili wakatoa simu zao.

Jumatano, 6 Agosti
IMEKUJA! Leseni! Herufi zangu mwenyewe! Nimezisoma kwa sauti hadi fundi viatu akauliza hiyo ni dua gani. Mwalimu Kiambi kaleta mkungu mzima wa ndizi, na mtambo wake wa kurushia sauti, ameniazima. Nisiuchome, amesema mara nne. Shangazi akapiga vigelegele, halafu akauliza kama sasa waya ni wa serikali.
Nikasema ndiyo. Mungu anisamehe. Ameondoa hata khanga zake alizoanika hapo.

Ijumaa, 8 Agosti
Petar hayuko. Jana pia. Wengine wanaita, siwajibu. Wa kwanza ni yeye, nimeshaamua. Lakini kama ni mgonjwa? Kama amechoka kuita?

Jumamosi, 9 Agosti
Yupo!! Saa kumi na moja na robo. Mara ya kwanza kidole kilikataa. Mara ya pili nikabonyeza kitufe: herufi zangu, Dahabo, Isiolo, Kenya.
Kisha — "Kenya?" Kiingereza chake kama changu, cha kuvunja mawe. Nasikika vizuri, yeye ni Petar, asante, kwaheri. Dakika moja! Mwalimu Kiambi, aliyekaa kando yangu, akaninyooshea dole gumba.
Miezi saba, na ndiyo imeisha hivyo?
Nikatazama ukutani. Nikabonyeza tena. Petar, watoto wako salama? Mifugo salama?
Mwalimu akashika kichwa. Shangazi, mlangoni: "Eeh. Sasa ndiyo umemsalimia."
Nimemfukuza, nikajua. Halafu mzee akakohoa.
Mbuzi ni saba, akasema. Mmoja hajala tangu Alhamisi, ndiyo maana yeye mwenyewe alipotea hewani.
Bado anaeleza, naandika huku namsikiliza. Shangazi ameshavuta kigoda. Anataka kipaza sauti. Nimemwambia hana leseni, anitume mimi.
Niulize, amesema, kama tumbo la huyo mbuzi limejaa upande wa kushoto.