Mmea wa Mpaka Uani Kwetu

Umoja, Nairobi
Jumapili, baada ya kanisa

Mama,

Pokea salamu zetu, mimi na mjukuu wako Neema. Goti lako la kushoto linaendeleaje tangu mvua ianze? Na yule ng'ombe mweupe alizaa salama? Sisi huku ni wazima. Neema amenipita kwa urefu, na sketi yake ya shule tumeishusha pindo mara mbili. Kile kikohozi changu kimeisha. Najua ungependa nipige simu, lakini kwenye simu tunapigiana kelele tu kuhusu mtandao, halafu mmoja wetu analia na mwingine anakata. Jambo hili nataka ulishike mkononi. Mwambie mke wa mchungaji akusomee polepole.

Nakuandikia kuhusu ule mmea, Mama. Ule niliokuja nao kwenye mazishi.

Unakumbuka nilivyoshuka kwenye basi nimeupakata ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, majani yake marefu yakinichoma shingoni. Wengine walikuwa wamebeba sufuria na blanketi, mimi nimebeba mmea. Uliuangalia ukaniuliza, "Rasoa, huu ni wa mpaka. Unampandia nani mpaka?" Nikakujibu kwamba ni ua la mwanao, alilipanda kwa mkono wake uani kwetu, na nilitaka alale nalo. Ukachukua jembe wewe mwenyewe, ukachimba pale kichwani pake. Sijasahau kwamba hukunibishia mbele ya watu.

Sasa sikia yaliyotokea huku.

Wiki mbili zilizopita diwani wetu aliitisha baraza kwenye uwanja wa shule, atueleze mambo ya mtaa yamefika wapi. Tunamwita mheshimiwa, ingawa ni kijana wa hapa hapa, na wengi wetu tunamkumbuka akicheza mpira bila viatu. Mimi huwa siendi kwenye baraza. Siku hiyo nilienda kwa sababu jana yake watu wa maji walikuwa wamepita uani na rangi nyekundu, wakachora X kubwa kwenye ukuta wa jiko langu. Unalijua lile jiko, kile chumba ambacho Baba Neema alikiongeza mbele ya nyumba. Ndimo ninamopika chapati na ndengu za kuuza, na ndilo linalomsomesha Neema tangu baba yake atuache. Huku Nairobi X nyekundu ikichorwa ukutani, watu hukaa wakingoja tingatinga.

Mheshimiwa alianza vizuri. Ile taa ndefu ya sokoni, mulika mwizi, itatengenezwa. Lori la takataka litapita Jumanne na Ijumaa. Mtaro wa nyuma ya shule umezibuliwa, na ndani yake wamekuta kiti cha sofa kizima.

"Cha nani hicho?" mtu akauliza.

"Cha mheshimiwa aliyepita! Alikuwa amekikalia!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo. Kisha akafika kwenye maji. Unajua maji yetu, Mama, huja siku moja kwa wiki, tena yakidondoka kama machozi ya mtoto anayejilazimisha kulia. Akasema bomba jipya limefika barabarani, kubwa, la kutosha mtaa wote. Lakini kuliunganisha na la zamani, lazima la zamani lifungwe kwanza, na vali ya kulifunga haionekani. Ramani inasema iko uani kwetu. Ramani yenyewe ilichorwa kabla watu hawajaongeza vyumba. Kwa hiyo vyumba vilivyo juu ya bomba vitavunjwa kimoja kimoja mpaka vali ipatikane. Kazi itaanza Jumatano, kwa jiko langu.

Mama Mwende, jirani yangu wa Machakos, yule aliyekaa na mimi usiku ule wa msiba, aliruka juu kama ameketi kwenye makaa. "Mheshimiwa! Ulipotafuta kura uliingia jikoni kwa huyu mama, ukala chapati tatu. Leo unataka kulibomoa?"

"Zilikuwa nne," sauti ikatoka nyuma.

Hata mheshimiwa alicheka, lakini alijifuta uso. "Mama, hata mimi sipendi. Lakini nyumba zote hizi zinangoja maji. Niwaambie nini?"

Sikuweza kumchukia. Alisema kweli.

Ndipo akasimama fundi mkuu wa maji, mtu mpole mwenye kofia ya njano. Akaeleza kwamba zamani vali zilikuwa na vifuniko vya chuma, vikaibwa vyote vikauzwa kwa watu wa skrapu, wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kwa hiyo mafundi wa wakati ule walianza kuzificha. Wanaweka kipande cha zege juu ya vali, wanafukia kwa udongo, halafu wanaacha alama. Kila fundi alikuwa na alama yake, huyu jiwe, yule chupa iliyopinduliwa. "Shida ni kwamba," akasema, "wamestaafu, au wamefariki."

Mama, nilimwona Baba Neema kama yuko mbele yangu, anarudi kutoka likizo hapo kwako na kile kikonyo cha mmea amekifunga ndani ya gazeti lenye maji. Nilimwambia akipande chini ya dirisha, kipendeze. Akasema, "Hapana, hiki kinakaa hapa." Nikamuuliza, "Hapa katikati ya njia?" Akasema, "Hapa hapa." Watoto walikuwa wakikipiga kwa mpira, yeye anakuja jioni na ule ufunguo mrefu wa vali begani, anainama, anakisimamisha, ndipo anaingia ndani kula. Alimwambia Neema, "Hicho hakiguswi, hata nisipokuwepo." Nilifikiri ni kuwakumbuka nyumbani tu. Na mwishoni, ugonjwa ulipomchukua sauti kwanza, alikuwa akinyoosha mkono kuelekea uani. Anaonyesha, anaonyesha. Nilidhani anataka jua. Nikawa namtolea kiti nje.

Mimi, niliyekua nikijua kwamba mmea ule haung'olewi, kwamba ndugu wawili wanaweza kuacha kusalimiana kwa ajili yake, niliuchimbua kwa kisu cha jikoni.

Nikainua mkono.

"Huyo ni Mama Chapo," kijana mmoja akasema, kwa jina walilonipa kwa chapati zangu. "Anatetea jiko."

"Wacha aongee, wewe! Kwani jiko lako liko wapi?" Huyo ni Mama Mwende.

Sauti yangu ilikuwa ndogo lakini walinisikia. Nilisema mume wangu alikuwa fundi wa maji, na alama ilikuwa mmea, na aliyeing'oa ni mimi. Mheshimiwa akaniuliza ulikuwa mahali gani hasa. Nikamwambia tangu hapo uani kote kumewekwa kabro, yale matofali ya kutandika chini, na hakuna kinachoonekana.

Akajishika kichwa. "Na kabro zenyewe ni zangu," akasema. Alikuwa ametuletea yeye mwenyewe, na tulimpigia makofi.

Wakanipa mpaka Jumatano.

Jumatatu asubuhi walikuja. Mama, uani palepale ninapofagia kila siku palikuwa kama mahali pa wageni, kabro zote za kijivu, zote sawa. Neema alisema ni karibu na mlango. Mimi nikasema ni mbele zaidi. Wakachimba niliposema, wakafika kiunoni. Udongo mtupu. Fundi hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Jumanne wakachimba aliposema Neema. Udongo mtupu. Nikaingia jikoni nikaanza kushusha sufuria, niwe nimetoa vitu vyangu kabla ya kutolewa.

Mama Mwende alinikuta nimekaa chini. "Wewe," akasema, "si ulikuwa ukimgombeza marehemu kila Jumamosi kwamba mmea wake unatoboa shuka zako?"

Nilimwangalia. Kisha nikainuka.

Kamba yetu ya nguo ilikuwa ikitoka kwenye ndoano ya ukuta wetu mpaka ndoano ya ukuta wake. Ndoano zote mbili ziko. Shuka zangu kubwa ni mbili, nyeupe na ya samawati, na tangu niolewe naanika nyeupe kwanza kutoka upande wetu, halafu ya samawati inaifuata. Ni mkono uliozoea. Na ncha za ule mmea zilikuwa zikiichoma pembe ya mwisho ya ile ya samawati. Nilikuwa nimezishona zile tundu mara ngapi, mpaka nikachoka nikaziacha.

Tukafunga kamba. Nikatoa shuka, nikazianika zikiwa kavu, mbele ya mafundi na mheshimiwa na mtaa mzima uliokuja kutazama. Hakukuwa na upepo. Pembe ile ikaning'inia na tundu zake ndogo. Fundi mkuu alikuwa akitutazama kama watu waliochanganyikiwa, lakini alipoziona zile tundu alipiga magoti, akachora duara la chaki chini yake. Mheshimiwa, na viatu vyake vizuri, alinyanyua kabro ya kwanza kwa mkono wake.

Walipofika magotini walikuta mizizi, myembamba, imekauka, bado na ile rangi yake ya chungwa. Nilipoiona nilijua. Chini ya mizizi, zege. Chini ya zege, vali, imefungwa kwa mpira wa gurudumu la baiskeli kama mtoto aliyefunikwa asipate baridi. Fundi akafungua ule mpira, akapitisha kidole. "Nani alipaka hii grisi?" akasema. "Ni kama ya jana." Wanaume wawili walisogea kumsaidia, maana vali za umri huo huhitaji watu wa kuning'inia kwenye ufunguo. Hakuwahitaji. Aliizungusha peke yake, taratibu, bila kelele.

Fundi akavua kofia yake ya njano, akaishika kifuani. "Huyu mzee," akasema, "alikuwa fundi."

Ijumaa mchana nilikuwa nakanda unga. Watu huku huacha bomba zao wazi maji yasipokuwepo, ili yakija wayasikie. Nikasikia sauti kutoka mbali, upande wa barabara, kama wazee wengi wanaosafisha koo. Ikaja nyumba hadi nyumba, ikiongezeka, kila bomba likikohoa hewa, mpaka likakohoa la Mama Mwende, kisha la kwetu. Maji yakatoka mekundu, kisha meupe kama maziwa, kisha safi. Mama, sijawahi kusikia mtaa huu ukinyamaza hivyo. Wanawake walisimama milangoni wakisikiliza ndoo zikijaa, kila nyumba, zote pamoja. Nilisimama na unga mikononi. Nilifikiri, miaka yote hiyo nililala kando ya mtu aliyejua maji yanapita wapi chini ya watu wote hawa, anavua viatu mlangoni, anauliza kama kuna chai, na mimi namgombeza kwa mambo ya shuka. Hilo nimekaa nalo tu.

Neema alichukua maji ya kwanza akasugua ile X. Haikutoka yote, imebaki rangi ya waridi hivi. Jiko lipo.

Mheshimiwa amesema ataweka kifuniko cha chuma, kipakwe rangi. Fundi alitikisa kichwa, akasema kitakuwa kwa watu wa skrapu kabla ya Jumapili. Wamerudisha zege na udongo, na kwenye kabro wameacha nafasi ya ukubwa wa ndoo. Fundi aliniuliza kama ule mmea unaweza kupatikana. Nikamwambia uko nyumbani, na mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba, Mama. Shule zikifungwa Neema atakuja kukusaidia kuchuma majani ya chai. Akirudi, mkatie kikonyo kimoja pale kaburini, ukifunge ndani ya gazeti lenye maji, kama ulivyomfungia baba yake.

Nisalimie shemeji yangu mkubwa anayelinda boma, mwambie redio yake imetengenezwa. Nisalimie shangazi wa kwaya, yule aliyeimba mpaka sauti ikakauka siku ile. Na mke wa mchungaji, ambaye sasa macho yamemchoka kwa kunisoma, mpe chai.

Mama Mwende anakusalimu, anasema uje uoge.

Nakaa nikiwaza juu yako,
mke wa mwanao,
Rasoa, Mama Neema

Nimekumbuka jambo baada ya kukunja karatasi. Ukikata, usikate mashina yote. Lile kubwa liache pale pale ulipolipanda, na lisiguswe, ili na sisi tujue mahali alipo.