Maziwa ya Leo, Kibuyu cha Jana

Ngarenaro, 3 Machi 2025

Yeyo mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, kichwa ndicho kibovu. Kibuyu nilikipata, maziwa niliyamaliza siku hiyohiyo.

Ijumaa ushirika wa maziwa wa Kisongo wanaijaribu programu yangu, ile inayotazama picha ya kiwele na kugundua ugonjwa mapema. Ingekuwepo mwaka juzi, ng'ombe wetu Nemelok asingeishia kwa mchinjaji. Ikishindwa hawataniita tena, wamesema wazi.

Na imekufa, Yeyo. Nimeiandika kwa Python, nikitumia vifurushi vilivyotengenezwa na wengine. Juzi niliongeza kifurushi cha kuchora ramani ya mazizi. Kikavuta toleo jipya la kifurushi cha hesabu, wakati kinachosoma picha kinataka la zamani tu. Nikirudisha la zamani, ramani inagoma. Siku mbili napandisha, nashusha. Sasa hata vilivyokuwa vizima vinalalamika.

Mwanao,
Silantoi

Oldonyosambu, 4 Machi

Marahaba mwanangu. Goti lipo, tunatembea nalo. Hivyo vifurushi sijaelewa hata kimoja, ila nimeelewa kwamba huli. Kula.

Huku wifi yangu Tekla ametuaibisha mbele ya wageni wa kanisa. Kamimina maziwa ya leo kwenye kibuyu cha jana kilichokwisha kuharibika. Yalipoharibika, akaongeza mengine, ati yatatengemaa! Nikamwambia, "Wifi, utamaliza maziwa ya zizi zima." Nimemwaga yote, nimeosha, nimefukiza kwa kijinga cha mti wa oloirien, tukaanza upya. Ya mgando nimeyapa kibuyu chake.

Yeyo wako

Ngarenaro, 7 Machi

Yeyo, shikamoo, na kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Tekla nilikuwa mimi! Vifurushi vyote nilivijaza kwenye mazingira yaleyale, yaani chumba kimoja ndani ya kompyuta, na kila kilipoharibika niliongeza kingine. Nikayafuta yote. Nikatengeneza vyumba viwili: kimoja cha picha, kimoja cha ramani. Kila kimoja na vifurushi vyake tu, matoleo nimeyaandika kwenye orodha. Cha picha kinaandika majibu kwenye faili, cha ramani kinayasoma. Havigusani.

Leo Kisongo programu ikamtilia shaka ng'ombe wa Mzee Efraimu, chuchu ya nyuma kushoto. "Huyu? Huyu mzima kuliko wewe!" akasema mzee. Watu wakacheka. Akakamulia kwenye kikombe cheusi. Yakatoka mabonge, ugonjwa wenyewe. Kisha akasema, "Binti, wapo wengine kumi na wanne. Twende."

Wameichukua, Yeyo! Jumatatu naanza.

Silantoi wako

Oldonyosambu, 8 Machi

Marahaba, marahaba, marahaba.

Nimelia jikoni, moshi ukanifichia. Tekla nimemsomea barua, pale alipotajwa nikarudia mara mbili. Anauliza mshahara wake ni lini.

Yule mtamba wa Nemelok anazaa mwezi ujao. Nimempiga picha ya kiwele, iko kwenye simu yako. Kazini Jumatatu, anza na huyo.

Yeyo