Chumvi ya Alhamisi

Bugene, Karagwe,
10 Machi 1911

Mpendwa mdogo wangu Shufaa,

Marahaba. Shikamoo yako imenifikia pamoja na barua. Hujambo wewe? Na shemeji Abdulrahim, kile kifua kimemwachia? Mimi mwili mzima, ila goti la kushoto husumbua mvua zikikaribia, na sasa zimekaribia.

Unaniuliza lini nitarudi Pangani, maana tangu mke wangu Mwanamisi afariki sina cha kunikalisha huku. Nakiri hata mimi niliona hivyo. Nilikwisha kutia nguo sandukuni, nikamwambia Ramadhani, jirani yangu wa dukani, kwamba wapagazi wa Bukoba wakipita nitafuatana nao. Kisha likatokea jambo, nalo nataka ulijue kabla sijakujibu.

Mwezi uliopita nilishikwa na hamu ya muramba, yaani maji ya ndizi mbivu, kabla hayajatiwa mtama yakawa pombe. Mwanamisi alikuwa akinipa kila Alhamisi jioni, nikimaliza kusoma Yasini. Miaka kumi na moja nilikunywa nikidhani anakamua mwenyewe uani. Sikuuliza.

Nikaanza kuutafuta kwa majirani wanaouza pombe. Kwa wa kwanza ulinuka moshi. Kwa wa pili ulikwisha kuchacha. Alhamisi ya tatu nikafika kwa mzee Kabyemera, nyuma tu ya migomba yetu, nyumba niliyokuwa nikiikwepa kwa sababu ya walevi wake. Nao waliponiona walifurahi.

"Mzee Hatibu, msikiti umehamia huku?"

"Mpisheni, kaja kuadhini."

Kabyemera hakucheka. Aliingia ndani, akatoka na kibuyu kidogo kilichofungwa shingoni kipande cha kanga nyekundu. Akaonja yeye kwanza, kama wanavyofanya hapa mbele ya mgeni, ndipo akanipa. Shufaa, ulikuwa ule ule.

"Hiki hakijaingia pombe hata siku moja," akasema. "Mama, mkeo, alinikataza. Tangu afariki nakijaza kila Alhamisi. Usipokuja, wajukuu wanakunywa."

"Miezi minane?"

"Umechelewa," akasema.

Nikamuuliza bei. Akajibu ni ile ile ya mama, kiganja kimoja cha chumvi. Kibuyu kizima, tena kitamu hivyo, kwa kiganja cha chumvi! Hapo nikakaa chini. Kila Alhamisi Mwanamisi alikuwa akichota chumvi dukani kwangu, nami nikimtania, "Nimeoa mke au ng'ombe?" Yeye hucheka, akaifunga kwenye pindo la kanga, akatoka.

Sasa chumvi naipeleka mwenyewe. Kabyemera ananieleza jinsi Mwanamisi alivyokuwa akikigonga kibuyu kwa ukucha, asikilize kama kimejaa kweli, kabla hajakipokea. Hilo sikuwahi kuliona. Jioni nakunywa peke yangu, na sitakudanganya kwamba nyumba ina sauti kwa ajili hiyo. Kikombe cha Mwanamisi nakitoa, kisha nakirudisha kikavu.

Sitakuja mwaka huu, mdogo wangu. Usinikasirikie. Huko nyote mnanipenda, lakini hakuna hata mmoja aliyemwona Mwanamisi. Hapa yupo mtu anayemtaja bila kuulizwa. Nikiondoka, nitamzungumzia na nani? Chumba ulichonifagilia mpe mgeni mwingine, asije akalala nje kwa ajili yangu.

Nisalimie shemeji, na shangazi Zuleha umbusu mkono kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awape mvua ya kiasi na vifua vyepesi.

Nina ombi moja tu. Siku ya Alhamisi, ukitia chumvi kwenye mchuzi, litaje jina la Mwanamisi, hata kwa sauti ndogo. Kisha unikumbuke na mimi.

Kaka yako akupendaye,
Hatibu