Kompyuta Imesema Ma Koku Hatafika

Jumatano. Mvua imenyesha Bukoba tangu alfajiri, na nina hasira ambayo hata chai haijaituliza.

Naichukia ile programu ya kupanga upasuaji. Tumeletewa juzijuzi, tukaambiwa imejifunza kutoka kwenye rekodi zetu za miaka mingi, kwa hiyo inajua upasuaji upi utachukua muda gani na mgonjwa yupi hatatokea. Mtaalamu aliyeileta alitabasamu wiki nzima. Hajawahi kumshikia mtu hata dripu.

Leo imemweka Ma Koku mwisho wa orodha, mara ya tatu sasa. Ma Koku anauza dagaa kisiwani Bumbire. Ana uvimbe kwenye kizazi, na anavuja damu mpaka midomo imepauka. Kompyuta ikasema huenda asifike, nafasi yake ya asubuhi akapewa mwingine.

Asifike vipi? Watu wa visiwani huja siku mbili kabla, maana ziwa likichafuka boti haziondoki. Alikuwa kwenye benchi mlangoni petu, hajala tangu jana jioni.

Saa tisa muda wa upasuaji ukaisha kabla zamu yake haijafika. Nikatumwa mimi, muuguzi wa chumba cha upasuaji, kumwambia.

"Waitu, sista wangu, mimi nipo hapa tangu Jumatatu. Nani amesema sijafika?"

Nikaenda kufukua rejesta za zamani, nikitaka ushahidi wa kuiumbua mashine mbele ya daktari mkuu.

Nimeupata. Mwandiko ni wangu.

Miaka yote hiyo, maji yakikatika, vifaa visipochemshwa, daktari akiwa semina, niliandika "mgonjwa hakufika". Ni maneno mawili na hayamgusi bosi yeyote. Niliwaandika hivyo zaidi watu wa visiwani, kwa sababu wao hupanda boti wakarudi kimyakimya. Wa mjini angekuja na shemeji yake mwenye cheo. Mashine imesoma uongo wangu ikauamini.

Bado naichukia. Na mimi mwenyewe sijipendi leo.

Kesho asubuhi kuna kikao. Nataka kusimama na rejesta mkononi, nidai Ma Koku awe wa kwanza, na wataniuliza kwa nini. Tangu nifike nyumbani Rwamishenye najaribu kuandika sentensi ya kwanza ya kuwaambia. Nimeifuta mara nne.

Damu ya Ma Koku haisubiri nimalize kuogopa.