Ungo Uliokwenda Mwezini

Marahaba, Zawadi mjukuu wangu. Shikamoo yako imefika Mlali salama. Babu yako anavuna mahindi.

Umeuliza kilipo chombo cha anga cha ile filamu tuliyoigiza shuleni, ya safari ya mwezini. Kilikuwa nyungo mbili za mama yangu, zilizofungwa pamoja na kupakwa rangi ya fedha. Nilitaka kukitunza maisha yangu yote. Mama akagoma: "Ungo unaopaa, ulale ndani kwangu? Majirani watasema ninaroga!"

Akazitenganisha, akazisugua kwa mchanga, akaendelea kupepetea mchele. Mmoja uliliwa na mchwa. Mwingine ninao, na ukingoni rangi bado inameta.

Majirani wale hawapo tena. Ukija likizo, njoo na ungo wa pili.

Ni mimi bibi yako.